Mgonjwa wa Kumi na Sita

Mwaka 2006 watafiti wawili, Kenneth Leonard na Melkiory Masatu, walichapisha matokeo ya kazi waliyoifanya katika vituo vya tiba vya mkoa wa Arusha. Timu yao iliketi ndani ya vyumba vya matabibu na kuandika kila kilichofanyika: mgonjwa kaulizwa nini, kapimwa nini, kaelezwa nini. Wagonjwa nao waliulizwa mambo hayohayo, wakiwemo wale waliotibiwa kabla timu haijafika. Ilionekana kwamba wageni walipoingia tu, ubora wa huduma ulipanda, kwa wastani pointi 13 za asilimia. Kisha ukaanza kushuka taratibu. Kati ya mgonjwa wa 10 na wa 15, tabibu alikuwa ameshawazoea wageni na kurudia utaratibu wake wa siku zote.

Swali ni hili: mgonjwa wa 16 anapata nini?

Wananchi wa Musoma, Bunda na Butiama wana kila sababu ya kuliuliza, kwa sababu Tanzania ina utaratibu wake wa kuvipima vituo vya afya ya msingi, na vituo vya mkoa wao wa Mara vimo. Ni upimaji wa nyota, kuanzia sifuri hadi tano, ulioanza mwaka 2015 chini ya mpango wa serikali wa Matokeo Makubwa Sasa. Wapimaji huangalia maeneo 12: uongozi wa kituo, matumizi ya takwimu, utendaji wa watumishi, rufaa na dharura, usafi na kinga ya maambukizi, majengo, maabara, dawa, uwajibikaji kwa jamii na mengineyo. Katika awamu ya kwanza, ya 2015/16, vilipimwa vituo karibu 7,000 nchi nzima, na takriban theluthi moja vilikosa hata nyota moja. Lengo lilikuwa asilimia 80 ya vituo vifike nyota tatu au zaidi ifikapo 2018. Upimaji uliporudiwa 2017/18, vilivyofika hapo vilikuwa kama kimoja katika kila vitano.

Lengo halikufikiwa, lakini hayo ni maendeleo, na wahudumu waliyatolea jasho. Tangu wakati huo pia fedha za serikali zilianza kwenda moja kwa moja kwenye akaunti ya kituo, hivyo mganga mfawidhi na kamati ya kituo wanaweza kununua sabuni au kurekebisha bomba la maji bila kusubiri halmashauri. Nyota zimesaidia kuvuta macho kwenye kichomea taka kilichobomoka na chumba cha kujifungulia kisicho na maji.

Lakini nyota hupatikana siku ambayo wapimaji wapo, na liko jambo ambalo orodha yao hulikamata kwa shida: kinachotokea kati ya tabibu na mgonjwa mlango ukishafungwa.

Chukua mfano wa mtoto mwenye kikohozi na homa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unamtaka mhudumu aulize kama mtoto anaweza kunywa au kunyonya, kama anatapika kila kitu, kama amepata degedege. Kisha ahesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Kwa mtoto wa miezi 2 hadi 12, pumzi 50 au zaidi ni dalili ya nimonia. Kwa wa mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Kazi hiyo haihitaji umeme wala mashine. Inahitaji saa yenye mshale wa sekunde na dakika moja ya subira. Huku kanda ya ziwa, ambako malaria ni jirani wa kila nyumba, kipimo cha haraka kikionyesha malaria ni rahisi kufunga daftari hapo na kuiacha nimonia iende nyumbani na mtoto.

Dakika hiyo moja ina uzito. Mwaka 2018 tume iliyoundwa na jarida la Lancet ilikadiria kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati watu milioni 5 kwa mwaka hufa kwa kupata huduma duni, na milioni 3.6 kwa kukosa huduma. Waliofika kituoni na bado wakafa ni wengi kuliko wasiofika.

Haki itendeke kwa wahudumu pia. Zahanati ya kijijini mara nyingi ina watumishi wawili au watatu. Muuguzi aliyekesha na mama wa uchungu ndiye asubuhi anayechanja watoto, anayegawa dawa na anayejaza vitabu vya MTUHA, yaani vya takwimu za kituo. Akifika mgonjwa wa 16, muuguzi huyo amechoka kweli. Kumwongezea mwenzake ni sehemu ya ubora, sawa na kumpa kipimo.

Hata hivyo, utafiti wa Arusha una somo ambalo ni rahisi kulipita. Waliowezesha kuujua ukweli wa kabla ya wageni ni wagonjwa wenyewe. Walikumbuka walichoulizwa na walichopimwa, na maelezo yao yalifaa kutumika kama ushahidi. Mama wa Butiama anayeipita zahanati ya kijiji chake na kulipa bodaboda hadi Musoma naye ameshatoa tathmini yake, ila hakuna aliyeiandika.

Iandikwe. Kamati za usimamizi wa vituo zina wajumbe wanaotoka kwa wananchi. Mjumbe mmoja akae nje ya zahanati siku moja kila mwezi, siku isiyotangazwa, awaulize wanaotoka maswali manne: Umeulizwa ugonjwa ulianza lini? Umeguswa au kupimwa? Umeambiwa unaumwa nini? Umeelezwa dawa inanywewaje na lini urudi? Majibu yasitaje jina la mgonjwa, na yaanze kujadiliwa na mganga mfawidhi kabla ya mtu mwingine yeyote.

Sheria inataka mkutano mkuu wa kijiji ufanyike kila miezi mitatu. Mkutano ujao, iwe ni Majita, Nyamuswa au Kiabakari, wananchi wamwombe mwenyekiti aweke zahanati kwenye ajenda, na majibu ya maswali hayo manne yasomwe pamoja na taarifa ya mapato na matumizi.