Shida ya Abiria Si Bidhaa ya Dereva

Mazungumzo na viongozi wa walei juu ya haki katika usafiri wa mjini



Wapendwa viongozi wa Halmashauri za Walei, wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo na wa vyama vya kitume. Tume ya Haki na Amani imeniomba niseme nanyi juu ya jambo ambalo waamini wetu hukutana nalo kila siku, asubuhi na jioni, nalo ni nauli. Malalamiko yanayotoka katika jumuiya za Dar es Salaam yanafanana. Dereva wa teksi aliyeitwa kwa njia ya simu hupiga kwanza kuuliza abiria anakwenda wapi na simu yake inasoma bei gani. Akisikia kwamba safari ni fupi, au kwamba malipo si fedha taslimu, huifuta safari, ama hudai bei iliyo juu ya ile iliyoandikwa. Konda wa daladala husimama mlangoni akawazuia watoto wenye sare za shule. Gari linalopaswa kufika mwisho wa njia hukatisha safari katikati, na abiria hulazimika kulipa mara mbili. Mvua ikianza, bei ya bajaji hupanda kabla ardhi haijalowa.

Tulitazame jambo hili kwa njia tuliyoizoea: kuona, kuamua na kutenda.

1. KUONA

Neno teksi lenyewe ni kifupi cha jina la mita inayopima safari. Mjerumani mmoja, Bruhn, anatajwa kuwa aliitengeneza mwaka 1891, mwaka uleule ambao Papa Leo XIII alitoa Waraka wa Rerum Novarum juu ya hali ya wafanyakazi. Mita ni mizani. Hupima njia kama vile mizani ya dukani inavyopima sukari, ili bei isitegemee ni nani mwenye sauti kubwa au ni nani mgeni wa mji. Sisi hatukuwa na desturi ya kutumia mita. Tulizoea kupatana bei kijiweni. Mita ilitufikia ndani ya simu ya mkononi mwaka 2016, kampuni ya Uber ilipoanza kazi Dar es Salaam, na kampuni nyingine zikafuata. Kwa upande wa daladala, mizani ni nauli inayopangwa na Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, yaani LATRA.

Basi kwa nini mizani hii inakataliwa? Ni rahisi kujibu kwamba madereva wana tamaa. Tamaa ipo, lakini jibu hilo halitoshi.

Kwanza, kuna hesabu. Tangu mwaka 1983, magari ya watu binafsi yaliporuhusiwa kubeba abiria kwa sababu Shirika la Usafiri Dar es Salaam, UDA, lilishindwa kuwatosheleza wakazi wa mji, mapatano kati ya mwenye gari na dereva yamekuwa hivi kwa sehemu kubwa: dereva hana mshahara. Kila jioni anapeleka kwa tajiri kiasi kilichopangwa, analipia mafuta, na kinachobaki anagawana na konda. Foleni ikiwa ndefu, hesabu haipungui. Abiria wakiwa wachache, hesabu haipungui. Anayeumwa leo hampelekei tajiri taarifa ya ugonjwa. Humwachia deiwaka gari, na siku hiyo nyumbani kwake hakuna kinachoingia. Vijana wengi wa bodaboda na bajaji nao wamefungwa na mkataba: wanalipa kila siku au kila juma mpaka chombo kiwe mali yao, na wakichelewa kwa siku chache chombo huchukuliwa.

Pili, kuna kamisheni. Bei anayoiona abiria kwenye simu si pato la dereva. Ndani yake mna sehemu ya kampuni, mna mafuta, mna matengenezo, na mara nyingi mna hesabu ya mwenye gari pia. Mwaka 2022 LATRA iliagiza kwamba kamisheni isizidi asilimia 15. Uber ilisimamisha huduma zake nchini, ikarejea mwaka 2023 baada ya masharti kulegezwa. Serikali na kampuni walivutana juu ya asilimia. Dereva alibaki akisubiri kuambiwa atakula nini.

Tatu, kuna nauli ya mwanafunzi. Nauli za daladala zilipopandishwa mwaka 2022, ya mwanafunzi ilibaki shilingi 200. Ni jambo jema kwamba taifa linamhurumia mtoto. Lakini tuulize, ni nani anayelipia huruma hiyo? Serikali haimrudishii mwenye daladala tofauti ya nauli, na tajiri hapunguzi hesabu kwa sababu gari lilibeba watoto 20. Gharama yote ya huruma ya taifa inamwangukia konda mlangoni, naye anaitupa kwa mtoto anayebaki kituoni.

2. KUAMUA

Maandiko Matakatifu hayanyamazi juu ya vipimo. Kitabu cha Mambo ya Walawi, sura ya 19, na Kumbukumbu la Torati, sura ya 25, vinaamuru mizani ya haki. Nabii Amosi, katika sura ya 8, anawakemea wale wanaongoja sikukuu ipite ili wapunguze kipimo na kuongeza bei. Watoza ushuru walipomwuliza Yohane Mbatizaji wafanye nini, hakuwaambia waache kazi. Aliwaagiza wasitoze zaidi ya walichopangiwa.

Lakini ni lini hasa bei inakuwa dhambi? Mtakatifu Thoma wa Akwino alilichunguza swali hili katika karne ya 13, alipoandika juu ya kuuza na kununua. Mafundisho yake kwa ufupi ni haya. Muuzaji akipata hasara kwa kukiachia kitu chake, anaweza kudai fidia ya hasara hiyo, kwa sababu hasara ni yake. Lakini ikiwa yeye hapati hasara yoyote, ila mnunuzi tu ndiye mwenye haja kubwa, muuzaji hana haki ya kuongeza bei kwa sababu ya haja ile. Kwa nini? Kwa sababu haja si mali ya muuzaji, na hakuna mtu awezaye kuuza kisicho chake.

Wapendwa, tulishike neno hili, maana ndilo kiini cha mazungumzo yetu. Mfikirie mama wa Mbagala ambaye mtoto wake amepata degedege saa nane za usiku. Anapiga hodi kwa jirani mwenye bajaji. Jirani huyu anaamka usingizini, anatoka gizani, anachoma mafuta, anahatarisha usalama wake. Hayo yote ni yake, na ana haki ya kuyalipisha. Lakini degedege si yake. Hofu ya yule mama si yake. Akisema moyoni, "Huyu hana pa kwenda, atatoa chochote," tangu hapo anauza ugonjwa wa mtoto ambao hakuununua mahali popote. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2409, inalihesabu jambo hili miongoni mwa makosa dhidi ya amri ya saba: kupandisha bei kwa kutumia ujinga au shida ya mwingine. Amri ya saba ndiyo inayokataza wizi.

Kwa kipimo hiki tunaweza kutenganisha mambo yanayochanganywa kila siku. Kupatana bei si dhambi, ikiwa pande zote mbili ziko huru kukubali au kukataa. Kuongeza kidogo wakati wa mvua si lazima kuwe dhambi, ikiwa kweli njia imekuwa ndefu na mafuta yanaungulia kwenye foleni. Dereva anayekataa kubeba mlevi mwenye fujo, au kuingia usiku mahali ambapo wenzake wameporwa, hatendi kosa. Uhai wake nao ni zawadi ya Mungu. Wala dereva aliyechoka halazimiki kuendesha akisinzia. Lakini kuikubali safari, kumwacha mtu akisubiri barabarani, kisha kumdai bei nyingine kwa kuwa amekwisha kuchelewa, ni kuuza shida. Kukatisha safari Buguruni wakati kibao cha gari kinasema Gongo la Mboto ni kuvunja ahadi iliyoandikwa hadharani. Na kumwacha mtoto wa miaka 8 kituoni mpaka jua linazama, kwa kuwa nauli yake ni ndogo, ni kumwadhibu asiyehusika na ugomvi wetu wa hesabu.

Sasa ndugu zangu, kipimo hiki hakimpimi dereva peke yake. Ikiwa shida ya abiria si bidhaa ya dereva, basi shida ya dereva si bidhaa ya tajiri. Mwenye gari anaposema, "Vijana wa kuendesha wako wengi, huyu akikataa hesabu, mwingine atakubali," naye anauza kisicho chake. Anauza ukosefu wa kazi. Papa Leo XIII alifundisha tangu mwaka 1891 kwamba makubaliano peke yake hayatoshi kuufanya ujira uwe wa haki, kwa sababu mtu aliyebanwa na njaa hukubali lolote. Mtume Yakobo, katika sura ya 5 ya barua yake, anasema kwamba ujira uliozuiliwa unalia, na kilio chake kimefika masikioni mwa Bwana.

Papa Yohane Paulo II, katika Waraka wa Laborem Exercens wa mwaka 1981, aliongeza fundisho linalotufaa sana hapa. Alisema kwamba mbali na mwajiri wa moja kwa moja yuko mwajiri asiye wa moja kwa moja, yaani wale wote wanaopanga masharti ambayo ndani yake mtu hufanya kazi. Kwa dereva wetu, mwajiri wa namna hiyo ni kampuni inayopanga bei na kamisheni kutoka mbali. Ni serikali inayopanga nauli ya mtoto pasipo kusema ni nani atakayeilipia. Na kwa sehemu yake ni abiria pia, anayefurahia nauli ya chini bila kuuliza imewezekanaje.

3. KUTENDA

Kwanza, wenye vyombo. Tusijifiche, wamo miongoni mwetu, na baadhi wameketi hapa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inataka mwajiriwa apewe maelezo ya ajira yake kwa maandishi, na inaweka saa 45 za kawaida kwa juma, zisizozidi 9 kwa siku. Je, dereva wako anayeamka saa kumi alfajiri na kurudi saa nne usiku anahesabiwaje? Anza na hatua unayoiweza: mwandikieni mapatano; hesabu ipungue siku ambayo gari limeharibika au barabara imefungwa kwa mafuriko; apewe siku ya kupumzika isiyodaiwa hesabu. Ukiifanya hesabu iwe ya kibinadamu, ndipo utakuwa na uso wa kumwuliza dereva kwa nini aliwaacha watoto.

Pili, madereva na makonda. Ninyi mna vijiwe na viongozi wa vijiwe. Andikeni bei za safari za kawaida na kuzibandika mahali zinapoonekana, kwa mfano kutoka kijiweni hadi zahanati, hadi hospitali ya wilaya, hadi kituo cha daladala. Pangeni zamu ya usiku kwa wagonjwa na wajawazito, ili mzigo usimwangukie mmoja. Ikiwa kamisheni haitoshi, daini pamoja kwa njia ya vyama vyenu. Msijilipe kutoka mfukoni mwa abiria mmoja mmoja aliye gizani. Yule Msamaria alimpandisha majeruhi juu ya mnyama wake mwenyewe na kumlipa mwenye nyumba ya wageni kwa ajili yake. Kazi yenu iko karibu sana na kazi yake.

Tatu, abiria. Haki ina pande mbili. Anayeita gari kisha akalifuta likiwa limefika mlangoni amemwibia dereva mafuta na muda. Anayesema "ni hapo tu" huku akijua ni mbali, au anayeficha magunia mpaka gari lifike, ametumia mizani ya uongo.

Nne, jumuiya na Tume. Jumuiya iwe na mfuko mdogo wa nauli ya dharura, usiosubiri kikao. Tume ikusanye taarifa za vituo ambavyo wanafunzi huachwa, saa ngapi na mara ngapi, na kuzipeleka LATRA na kwa madiwani pamoja na swali moja lililo wazi: gharama ya nauli ya mwanafunzi igawanywe vipi kati ya taifa, wenye magari na wafanyakazi wa magari? Kulalamika vituoni tumekwisha kulalamika vya kutosha. Taarifa iliyoandikwa haijapelekwa.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA JUMUIYA

1. Katika mtaa wetu, mtu akiugua usiku hufikaje hospitali, na hulipa kiasi gani?

2. Ni nani kati yetu anamiliki chombo cha usafiri? Hesabu anayoitoza inamwachia dereva kiasi gani cha kulisha watoto wake?

3. Ni kituo kipi katika eneo letu ambapo wanafunzi huachwa? Ni nani kati yetu atasimama hapo juma hili na kuandika anayoyaona?

4. Katika kazi au biashara yangu mwenyewe, ni wapi ninapouza shida ya mwingine?