Kuchapisha Hakutoshi: Namna Injini za Kutafutia Zinavyozipata na Kuziorodhesha Tovuti



1. Utangulizi

Taasisi nyingi zikishapandisha waraka kwenye tovuti huona kazi imekwisha. Mada hii inasema imebaki nusu. Anayetafuta jambo hapekui intaneti yenyewe. Anapekua faharasa ambayo injini ya kutafutia iliitengeneza kabla hajauliza. Waraka usiomo katika faharasa hiyo, kwake haupo.

2. Ukurasa unavyopatikana

Mwaka 1990 Alan Emtage, mzaliwa wa Barbados aliyekuwa Chuo Kikuu cha McGill nchini Kanada, alitengeneza Archie, chombo cha awali cha kutafutia. Chombo hicho kiliorodhesha majina ya mafaili tu, si yaliyoandikwa ndani. Mwaka 1994 injini ya WebCrawler ya Brian Pinkerton ilianza kuorodhesha maneno yote ya ukurasa.

Tangu hapo msingi haujabadilika. Programu iitwayo roboti huanza na anwani inazozijua, husoma ukurasa, huchukua viungo vilivyomo na kuvifuata, kisha hurudia. Ukurasa usiounganishwa na mwingine wowote huwa yatima: roboti haina njia ya kuufikia. Pengo hilo ndilo lililoleta ramani ya tovuti, yaani faili linaloorodhesha anwani zote mnazotaka zisomwe. Google iliianzisha mwaka 2005, Yahoo na Microsoft zikaikubali mwaka uliofuata. Faili moja hubeba hadi anwani 50,000. Hata hivyo, ramani ni ombi. Injini hailazimiki kuchukua kila kilichomo.

Upande wa kuzuia, mwaka 1994 Martijn Koster alipendekeza faili la robots.txt, ambalo huzieleza roboti sehemu zisizopaswa kusomwa. Hapa wengi hujikwaa. Faili hilo huzuia kusoma, lakini anwani yenyewe yaweza kuorodheshwa ikiwa tovuti nyingine imeiwekea kiungo. Alama ya noindex ndiyo inayoondoa ukurasa kwenye matokeo, ila ni lazima roboti iruhusiwe kuusoma ili iione. Anayeweka vyote viwili ameificha amri yake mwenyewe. Tena faili la robots.txt husomwa na yeyote, hivyo si mahali pa kuficha siri. Nyaraka za siri zilindwe kwa nywila.

3. Ukurasa unavyoorodheshwa

Faharasa ya injini hufanana na ile ya mwisho wa kitabu: kila neno huandikiwa kurasa linamotokea. Ugumu ni kuamua maneno yapi yahesabiwe kuwa jamaa. Kanuni mashuhuri ya Martin Porter ya mwaka 1980 hukata miishio ya maneno ya Kiingereza. Kiswahili hubadilika zaidi mwanzoni: kitabu, vitabu, anasoma, walisoma, hatutasoma. Injini kubwa za leo zina mbinu pana zaidi, lakini kisanduku cha kutafutia ndani ya tovuti, kama hakikuandaliwa kwa Kiswahili, huweza kulinganisha herufi tu. Aliyeandika "vyeti vya kuzaliwa" huenda asiletewe ukurasa wenye "cheti cha kuzaliwa".

Tatizo jingine ni nyaraka zilizoskaniwa. Kwa mashine, hiyo ni picha. Zipo injini zinazojaribu kusoma maandishi ndani ya picha, lakini muhuri uliogongwa juu ya maneno au karatasi iliyopinda huzipotosha.

4. Nani hutangulia

Mwaka 1998 Larry Page na Sergey Brin wa Chuo Kikuu cha Stanford walieleza PageRank: kiungo kinachotoka ukurasa wenye uzito huupa uzito ukurasa kinaouelekea. Faharasa ya injini yao, Google, mwaka huo ilikuwa na kurasa milioni 26. Mwaka 2008 kampuni ya Google ilitangaza kuwa imeona anwani trilioni moja, lakini ikaeleza kuwa haiziorodheshi zote. Kwa hiyo injini huchagua, na taasisi zetu zisipowekeana viungo huchangia kuachwa nje.

5. Mapendekezo

(a) Kila waraka uwe na ukurasa wake wenye kichwa na muhtasari wa maandishi, hata kama faili lenyewe ni la skani.
(b) Muhtasari utumie umoja na wingi wa maneno makuu.
(c) Ramani ya tovuti ijisasishe kila waraka unapoongezwa.
(d) Maktaba, vyuo na halmashauri ziwekeane viungo vya moja kwa moja kwenye waraka husika, si kwenye ukurasa wa mbele tu.
(e) Anwani isibadilishwe ovyo. Ikibidi, ya zamani ielekezwe kwenye mpya.

6. Hitimisho

Hakuna pendekezo hapa linalodai mtambo mpya. Yote yanadai mtu wa kuyasimamia. Naomba mjadala uanze na swali hilo: katika taasisi yako, nani ana wajibu wa kuhakikisha kwamba kilichochapishwa kinapatikana?