Watu Kumi, au Kumi Kumi?

Leo tuko Ras Kitau, huku kisiwani Manda, ng'ambo ya mkondo kutoka kijiji cha Shela, ambako wageni wengi huletwa kwa chombo. Tuseme nahodha amepokea ujumbe wa Kiingereza kwenye simu: “Two boats for ten people.” Je, ni watu kumi wagawane mashua mbili, au kila mashua ibebe kumi? Maneno yenyewe hayasemi. Akikisia vibaya, kuna watakaobaki gatini na masanduku yao, jua la saa saba likiwawakia.

Kiswahili chetu hapa hakina taabu. Tunarudia tu: mashua mbili, watu kumi kumi. Kiingereza hakirudii hivyo, kina “each”. Basi andika “two boats, ten people each”. Kama ni kumi kwa jumla, malizia na “in total”.

Sasa maji. Ukiagiza “5 20 litre jerricans”, namba zimegusana, na mwenye duka aweza kusoma 520. Tano iandike kwa herufi, 20 kwa tarakimu, kisha tia kistari: “five 20-litre jerricans”. Hapo ni mitungi mitano ya lita ishirini ishirini, yaani lita 100. Mimi hiyo jumla ningeiandika pia, hata mwalimu wa Kiingereza akinuna.

Na saa, jamani! Saa mbili yetu ya asubuhi ni “8 a.m.” Mwandikie mgeni “2”, atakuja saa nane mchana, na pengine maji yameshakupwa.