Ziwa Linavyojilisha
(Maneno ya hotuba iliyosomwa mbele ya wanajumuiya, Bujumbura)



Mtu asimamaye ufukoni wakati wa mvua, akayatazama maji ya mto Ntahangwa yakiingia ziwani mekundu kama kutu, aghalabu hudhani kuwa hiyo ndiyo rutuba ya milimani iletwayo kuwalisha samaki. Dhana hiyo si ya kuchekwa, maana shamba la bondeni hustawi kwa matope ya mto. Lakini ziwa si shamba. Ndagala auzwaye sokoni hakulelewa na matope hayo. Sehemu kubwa ya chakula chake asili yake ni rutuba iliyopanda kutoka vilindi vya Tanganyika yenyewe. Nayo ina njia yake ya kupandia, na njia hiyo imeanza kuwa nyembamba.

Yafaa kuanza na maji. Ziwa Tanganyika lina urefu upatao kilomita 670, na penye kina kirefu kabisa ni mita 1,470. Katika ulimwengu mzima ni Baikal ya Urusi tu ilipitayo kwa kina. Maji huingia kwa mvua, na kwa mito, mikubwa yake ikiwa ni Rusizi na Malagarasi. Mto wa kutokea ni mmoja tu, Lukuga, upande wa Kongo, nao ni mlango mdogo sana. Stanley alipoufikia mwaka 1876 aliukuta umezibwa na matope na majani, na miaka michache baadaye ukafunguka. Basi maji yote hayo huenda wapi? Huenda juu. Katika kila sehemu kumi za maji yaondokayo ziwani, zaidi ya tisa huchukuliwa na jua yakawa mvuke, yakawa mawingu, yakaanguka tena penginepo. Ndiyo sababu mvua zikizidi kwa miaka mfululizo ziwa hufura, kwa kuwa jua halina haraka na Lukuga ni mwembamba. Watu wa Gatumba waliyaona hayo mwaka 2024, maji yalipoingia majumbani. Na wazee wakumbuka ya mwaka 1964.

Lakini jua huchukua maji matupu. Chumvi husalia, ndiyo maana maji ya Tanganyika yana ladha yake. Na fosforasi, ambayo ni chakula cha lazima cha kila mmea, husalia pia, maana haigeuki mvuke. Maji yana mlango wa mbinguni, fosforasi haina. Lazima izunguke humo humo.

Mzunguko wenyewe ni huu. Juu, panapofika mwanga, huota vijimea vidogo visivyoonekana kwa macho. Vijidudu vya majini huvila vijimea, ndagala huvila vijidudu, mukeke humla ndagala, na mwanadamu huwala wote wawili. Chochote kisicholiwa, pamoja na kinyesi na mizoga, huzama polepole. Huko chini huoza, na rutuba yake huyeyuka majini. Kwa hiyo karne baada ya karne vilindi vimekuwa ghala kubwa mno la chakula cha mimea. Ajabu ni kwamba ghala hilo halina mlaji. Upande wa kaskazini, mtu akishapita mita 100 hivi kwenda chini, hewa ya oksijeni hakuna; yaliyopo ni maji meusi yenye gesi inukayo kama mayai yaliyooza, na samaki hawezi kuishi humo. Penye rutuba hapana mwanga, na penye mwanga rutuba ni haba.

Kizuizi kilichopo kati ya hali hizo mbili ni joto tu. Maji ya moto ni mepesi, huelea juu ya maji ya baridi kama mafuta yaeleavyo juu ya mchuzi. Wala tofauti si kubwa: juu yapata digrii 26 au 27, na chini kabisa 23 na kitu. Hizo digrii chache zatosha kulifunga ghala.

Afunguaye ni upepo. Kuanzia Mei hata Septemba huvuma upepo wa kusini-mashariki, ndugu wa ule ambao mabaharia wa pwani huuita kusi. Huyasukuma maji ya juu kuelekea kaskazini, na huko kusini, pande za Mpulungu, maji ya baridi yenye rutuba hupanda kujaza nafasi. Upepo ulegeapo, maji yaliyolundikana kaskazini hurudi, na ziwa zima husukasuka ndani kwa ndani, kwenda na kurudi kwa muda wa majuma matatu au manne, kila mara likiinua rutuba kidogo. Mvuvi wa taa hana haja ya vipimo: huona ndagala wakiongezeka.

Sasa maji ya juu yamepata joto kupita yalivyokuwa karne moja nyuma, na kifuniko kimekuwa kizito. Mwaka 2003 Catherine O'Reilly na wenzake walitangaza katika gazeti la Nature kwamba uotaji wa vijimea umepungua kwa kadiri ya sehemu moja katika tano, na wakakisia kuwa samaki wamepungua kwa sehemu 30 katika mia. Wako waliowajibu kwamba kosa ni la nyavu na taa zilizozidi. Pande zote mbili zina haki, illa nyavu zaweza kupunguzwa kwa amri, na upepo hauamriki.

Na yale matope mekundu? Hayo huuziba mwanga, na huyafunika mawe ya pwani ambamo samaki wadogo hujificha na kuzaa. Udongo unaotoka katika milima iliyokatwa miti ni hasara mara mbili, kwa mkulima aliyeupoteza na kwa mvuvi aliyeupokea. Tena sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Bujumbura, yale ya kupikia na ya udhu, hutekwa katika ziwa hilo hilo. Msitu wa Kibira, ulioko mbali mlimani, ni jirani wa mvuvi kuliko wengi wanavyodhani.

Katika mapatano ya nchi nne zenye ziwa, Tanzania ilifunga uvuvi katika Tanganyika tangu 15 Mei hadi 15 Agosti 2024. Wengi walinung'unika, na njaa ya miezi mitatu si jambo dogo kwa mwenye mtumbwi mmoja. Lakini miezi hiyo ndiyo miezi ya kusi. Ndipo ghala linapofunguka, na ndagala atakayevuliwa Septemba yumo majini akila.