Unga na Ubongo

Msikilizaji wa Kisauni, Likoni na Changamwe, kijana aliyenaswa na unga, yaani heroini, usimwite mpumbavu. Ubongo wake umefunzwa. Miaka ya 1990 mwanasayansi Wolfram Schultz alipima seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo, kwenye ubongo wa tumbili. Mwanzoni zilisisimka tumbili alipopata juisi. Baadaye zilisisimka kwa ile ishara tu ya kwamba juisi yaja. Ndiyo maana kupita maskani ya zamani kunatosha kumwamshia kijana hamu, na ubongo wa mbele, unaopima maamuzi, ukazidiwa. Methadoni, dawa inayotolewa katika kliniki ya Kisauni, huzuia arosto, yaani mateso ya kukosa unga. Hunywewa kila siku mbele ya mhudumu. Mama, baba, msindikizeni kijana wenu kliniki, hasa wiki za mwanzo.