Alama Nne za Khattabi

Juma hili nataka tuzungumze juu ya alama nne tu.

Tarehe 25 Agosti 2007, katika uwanja wa Wembley uliojengwa upya jijini London, ilichezwa fainali ya Kombe la Challenge, la raga ile ya wachezaji 13. St Helens ya Uingereza iliishinda Catalans Dragons ya Perpignan, Ufaransa, kwa alama 30 kwa 8. Matokeo kama hayo mtangazaji huyasoma kwa sekunde kumi, akaendelea na hali ya hewa. Mimi nimeyasoma mengi ya namna hiyo, na najua ni nini huachwa nje.

Catalans walipata trai mbili siku ile. Moja aliifunga winga Younes Khattabi, mwenye asili ya Morocco. Trai moja ni alama nne. Je, zilikuwa na maana gani katika kipigo kikubwa hivyo?

Turudi nyuma kidogo. Raga hii ilizaliwa mwaka 1895 kaskazini mwa Uingereza, klabu za huko zilipojitenga zikitaka wachezaji wao, wengi wakiwa wafanyakazi wa migodi na viwanda, wafidiwe ujira waliokosa kwa ajili ya mechi. Ufaransa uliingia mwaka 1934, ukapendwa. Mwaka 1941 serikali ya Vichy ikaupiga marufuku na kutwaa mali zake. Baada ya vita uliruhusiwa tena, lakini ukanyimwa hata jina la raga. Kwa miaka mingi uliitwa mchezo wa kumi na watatu, basi.

Catalans walipokaribishwa katika ligi kuu ya Uingereza mwaka 2006, walishika mkia. Hawakushushwa daraja kwa sababu tu kanuni iliwalinda. Mwaka uliofuata wakaitoa Wigan katika nusu fainali, 37 kwa 24, wakawa klabu ya kwanza ya Ufaransa kufika fainali ile. Kwa hiyo Khattabi alipouweka mpira chini nyuma ya mstari pale Wembley, mchezo ulionyang'anywa jina nyumbani kwake uliandikwa katika kitabu cha fainali ya ugenini.

Sasa nikiri kosa langu. Nimemwita Khattabi "mwenye asili ya Morocco". Mbona sikutaja asili ya mchezaji mwingine yeyote? Sisi waandishi tuna mazoea hayo. Mmoja tunampa jina lake peke yake, mwingine tunamfungia mkia wa alikotoka. Asili si aibu, na Morocco ina haki ya kujivunia. Lakini ikitajwa kwa mmoja tu, inakuwa kama kumwuliza mwenye nyumba amefika lini.

Mwaka 2018 Catalans walirudi Wembley wakaishinda Warrington 20 kwa 14. Ilikuwa mara ya kwanza kombe hilo kutoka nje ya Uingereza. Picha zilikuwa za washindi, na walistahili. Hata hivyo, aliyeupita mlango kwanza na kurudi mikono mitupu naye ana sehemu yake. Nikisoma matokeo tena, nitajaribu kuongeza sekunde tano kwa ajili yake.

Kwa leo naishia hapo. Tuonane juma lijalo.