Krismasi Mbili, Mtoto Mmoja
(Hotuba ya kwaya katika ibada ya jubilei)



Tulipoanza kupanga sherehe hii, tulikwama kwenye tarehe. Baadhi yetu walihesabu miaka 50 tangu mazoezi ya kwanza. Wengine tangu Jumapili tuliyoimba kanisani mara ya kwanza. Tulibishana wiki tatu, nusura tugawanyike. Ndipo mama mmoja wa sauti ya pili akatukumbusha tulivyowatendea majirani zetu Waethiopia.

Walikuwa wametualika kuimba katika Krismasi yao, tarehe 7 Januari. Tukawajibu kwamba Krismasi imeshapita. Hatukuuliza hata neno moja, na asiyeuliza hanalo ajifunzalo.

Tungeuliza, tungejua kwamba hawakuchelewa. Kanisa lao hufuata kalenda ya Ethiopia, yenye miezi 12 ya siku 30 na mwezi mdogo wa siku 5 au 6. Krismasi yao, Genna, huwa katika mwezi wa Tahsas. Sisi tunapokula pilau na nyama tarehe 25 Desemba, wao bado wamefunga. Hawagusi nyama wala maziwa.

Wala si wao peke yao. Kanisa la Othodoksi la Urusi na lile la Serbia nayo huadhimisha 7 Januari, kwa kuwa yalibaki na kalenda ya kale ya Julius Caesar. Kalenda hiyo ilizidisha mwaka kwa dakika 11 hivi. Dakika zikarundikana zikawa siku, hata mwaka 1582 Papa Gregori wa 13 akaamuru siku 10 zirukwe: baada ya 4 Oktoba ikaja 15 Oktoba. Leo tofauti imefika siku 13. Kwa kalenda ile ya kale, siku hiyo ni 25 Desemba vilevile!

Wapendwa, Biblia haikutaja tarehe aliyozaliwa Bwana. Ilitaja wachungaji, hori na wimbo wa malaika.

Tarehe ya jubilei tulikubaliana, ndiyo maana tuko hapa. Majirani zetu tumewaendea, tumewaomba msamaha, nao wametusamehe. Kwa hiyo mwaka huu, baada ya 25 Desemba, wanakwaya msiyafungie majoho sandukuni. Tarehe 7 Januari tuna ibada ya kuimba.